Mawifi Wawili kwenye Hoteli ya Maji Moto

Mama Mistari alisuka vichwa vya watu kwa miaka thelathini na nane, na jina lake alilipatia humo humo kazini, kwa sababu mistari yake ilinyooka kama imepigwa rula. Wanawake walimletea binti zao, binti wakakua wakamletea binti zao, na yeye yuko pale pale nyuma ya kiti, kwenye saluni ya chumba kimoja yenye kioo kirefu na benchi la kusubiria. Akiwa kazini hakuwa msemaji, maana muda mwingi kitana kilikuwa mdomoni. Akiwa na neno alilipitishia pembeni ya mdomo, na wateja walishazoea kumwelewa hivyo hivyo.

Mwaka aliotimiza sitini na mbili vidole vilianza kumkatalia. Mwanzo ilikuwa asubuhi tu, akivikanda kwa maji ya uvuguvugu vinalegea. Baadaye ikawa hadi saa sita mchana. Mwisho ikafika siku ambayo kitana kilimponyoka mara tatu juu ya kichwa kimoja. Mteja alikuwa mwanamke mpole. Mara ya tatu aliinama, akakiokota, akampa bila kusema kitu. Ule ukimya ulimchoma Mama Mistari kuliko maumivu yenyewe. Akakimaliza kile kichwa, akawaachia funguo wanawake wawili aliokuwa akifanya nao kazi, akaenda zake nyumbani. Kesho yake akashindwa kufunga vifungo vya blauzi.

Daktari wa viungo aliyempokea hospitali alikuwa mteja wake tangu shule ya msingi. Aliishika ile mikono akaigeuza taratibu.

"Mama, mikono hii naifahamu kabla sijajua kusoma," alisema. "Nilikuwa nalia nikiiona."

"Ulikuwa unalia ukiona kitana tu."

Daktari akacheka, akaandika dawa, akamwonyesha mazoezi ya kukunja na kukunjua. Kisha akamwambia kuna hoteli moja ya zamani huko baharini, ya enzi za mababu, yenye mabafu ya maji ya bahari yanayopashwa moto. "Hayaponyeshi, nisikudanganye. Lakini yanalegeza. Nenda siku saba, uloweke mikono, ule, ulale. Na usiguse kichwa cha mtu."

Mwanawe mkubwa alilichukua lile neno la daktari kama amri ya mahakama. Baada ya siku mbili alikuja na habari kuwa chumba kimeshapatikana, cha vitanda viwili.

"Viwili vya nini?"

"Mama, nani atakufunga vifungo? Mke wangu ananyonyesha, dada yuko mbali kikazi. Nimemwomba shangazi akusindikize."

"Shangazi yupi?"

"Kwani ninao wangapi?"

Mama Mistari akashika tama. Shangazi wa watoto wake alikuwa mmoja tu, dada wa marehemu mumewe, mwalimu mstaafu ambaye watoto walimpa jina la Shangazi Jicho kwa kuwa hakuna kosa lililompita. Akiingia nyumbani kwa mtu, jicho linakwenda moja kwa moja penye buibui. Wao wawili hawakuwa maadui. Walisalimiana, walizikana, walipelekeana wagonjwa matunda. Lakini miaka ishirini na miwili iliyopita kulipita jambo kati yao, na tangu hapo wifi yake hakuwahi kukaa tena kwenye kile kiti cha saluni.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Shangazi Jicho alikuja kusukwa asubuhi, kesho yake akiwa na sherehe ya kuagwa mwalimu mkuu. Nusu ya kichwa ilipokwisha, akaingia bibi harusi na mama yake na mashangazi zake wanne, wamechelewa, wanahema. Mama Mistari akamwomba wifi yake apishe kidogo. Kidogo ikawa saa tatu nzima. Alipogeuka kumwita, benchi lilikuwa tupu. Shangazi Jicho alikuwa ameondoka na nusu kichwa, upande mmoja umelala mistari, upande wa pili umesimama wima, akakatiza mtaa mzima mchana kweupe akiwasalimia watu kwa majina.

Basi mawifi hawa ndio walioteremka stendi siku ya Jumapili mchana, kila mmoja na begi lake. Mama Mistari alimwona mwenzake akishuka, akamtazama mara moja tu, akajua. Nywele zilikaa vizuri mno. Hapakuwa na kijinywele hata kimoja kilichotoroka kwenye paji la uso, na upepo ulipovuma zilitikisika zote kwa pamoja. Mtu aliyeshika vichwa miaka thelathini na nane hadanganyiki na wigi. Akaona pia mstari mwembamba wa gundi karibu na sikio.

"Unaangalia nini?" Shangazi Jicho akauliza.

"Begi lako. Ni zito?"

"Nitalibeba mwenyewe. Wewe chunga mikono yako."

Hoteli ilikuwa jengo la ghorofa tatu lenye rangi ya maziwa, iliyobabuka upande unaopigwa na upepo wa chumvi. Mbele kulikuwa na baraza refu la nguzo, na juu yake viti vya kujilaza vya mbao vimepangwa vyote vikitazama maji. Ukumbini palikuwa na lifti ya mlango wa vyuma vya kukunja, iliyopanda kwa kusitasita na kuguna kama mtu mwenye magoti mabovu. Ukutani zilitundikwa picha za wageni wa zamani: wanaume wenye masharubu wameegemea bakora, wanawake wenye magauni ya hadi vifundoni wamesimama ndani ya maji na magauni yao. Kibao cha shaba kilieleza kuwa nyumba ilijengwa kwa ajili ya wenye baridi yabisi na waliochoka.

"Waliochoka," Shangazi Jicho akasoma kwa sauti. "Hapo ndipo ninapoingilia mimi."

Chumba kilikuwa safi, dari iko juu sana. Shangazi Jicho alipitisha kidole juu ya fremu ya dirisha, akakikagua, akaonekana kusikitika kidogo kwamba hakikuwa na vumbi.

Jumatatu asubuhi alimfunga wifi yake vifungo vya joho la bafu. Alifunga kwa haraka, kimwalimu, kuanzia juu hadi chini, akamnyoosha mabega. Mama Mistari alitazama dari, maana ni tabu kujua utazame wapi mtu mzima mwenzio anapokuvalisha.

Bafu lilikuwa chini ya ardhi. Unashuka ngazi za mawe zilizolika katikati, unakutana na joto na harufu ya chumvi na chuma. Bwawa lilikuwa la duara, kina cha kifuani, limezungukwa na vigae vyeupe na vya kijani, vingine vimepasuka. Maji yalivutwa baharini kwa pampu, yakachujwa kwenye mchanga, yakapashwa kwenye matangi nyuma ya ukuta. Asubuhi ilikuwa zamu ya wanawake. Aliyesimamia alikuwa mama mmoja mnene, mikono imara, filimbi shingoni, na kila mgeni alimwita Bi Filimbi.

"Karibuni mama zangu," alisema. "Sheria zangu ni mbili. Robo saa ndani, robo saa nje, mkisikia filimbi mnatoka. Na kichwani ni kofia ya mpira tu. Kilemba, mtandio, wigi, vyote vinabaki kwenye kabati. Nywele zinaziba mabomba, na mabomba haya ni wakubwa zetu."

Shangazi Jicho akakaza begi lake la mkono. "Mimi siingii. Nimekuja kumsindikiza mgonjwa."

"Maji hayabagui mama. Hata msindikizaji ana viungo."

"Chumvi inanichubua."

Akakaa kwenye benchi la mawe na nguo zake zote, begi mapajani, kama mtu anayesubiri barua kwenye ofisi ya serikali. Mama Mistari akaingia peke yake. Maji yalimpokea hadi mabegani, mazito na ya moto kiasi cha kuvumilika. Aliizamisha mikono, akaanza kukunja na kukunjua kama alivyofundishwa. Robo saa ya kwanza haikubadilisha kitu. Robo saa ya pili, kidole gumba cha kulia kilifika kwenye kidole cha kati, jambo ambalo hakikuwa kimelifanya kwa miezi minne. Akarudia mara tano, kuhakikisha hakubahatisha.

Alipoinua macho kumwonyesha wifi yake, alimkuta anajifuta jasho la shingoni kwa leso, kwa uangalifu mkubwa, asiguse juu ya masikio. Mvuke ulikuwa umemshika. Ile gundi nayo ilikuwa imeanza kuchoka.

Jumanne ikawa vile vile. Benchi, begi, leso. Chakula cha mchana walikula supu na mkate wakiongelea wajukuu. Alasiri walikaa barazani, na Shangazi Jicho akamsomea gazeti kwa sauti, akisahihisha makosa ya uandishi kila alipokutana nayo. Mama Mistari alisikiliza nusu nusu. Alikuwa anawaza namna ya kusema bila kusema. Akikaa kimya, mwenzake atashinda siku saba akipikwa na mvuke juu ya benchi. Akitamka, itakuwa amemvua nguo mbele za watu.

Jumatano alimtangulia kushuka, kwa kisingizio kwamba anataka kuwahi. Akamvuta Bi Filimbi pembeni.

"Pale nyuma niliona milango ya mbao. Ni nini?"

"Vyumba vya zamani vya faragha. Kila kimoja kina masinki mawili makubwa ya kuogea. Siku hizi wengi wanapenda bwawa."

"Mlango una komeo?"

Bi Filimbi akamtazama, kisha akatazama ngazi ambako Shangazi Jicho alikuwa anateremka na begi lake. Alikuwa amewahudumia watu mle ndani kwa miaka mingi, hakuhitaji maelezo. "Una komeo, na kitasa kinafunga kwa ndani. Nitawafungulia maji. Filimbi yangu huko sitaipiga."

Mama Mistari akamwambia wifi yake kuwa daktari amependekeza sinki la peke yake. Ulikuwa uongo, na aliusema akiangalia vigae. Wakaingia. Chumba kilikuwa kidogo, dirisha moja juu kabisa, masinki mawili ya vigae yaliyozama sakafuni yakifuka mvuke. Akasukuma komeo kwa kiwiko.

"Umefunga ya nini?"

"Ili uingie na wewe."

"Nimekwambia chumvi..."

"Wifi," Mama Mistari akamkatiza. "Hapa hayupo mtu. Tupo mimi na wewe. Ivue."

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye bomba. Shangazi Jicho alikaa kwenye ukingo wa sinki. Uso wake, ambao wanafunzi waliuogopa kwa miaka thelathini, ulilegea.

"Umejua lini?"

"Stendi."

"Tangu Jumapili? Na hukusema?"

"Ningesema nini? Hujambo wifi, nimeona wigi yako?"

Shangazi Jicho akaguna, kati ya kucheka na kulia. Akainua mikono, akaachanisha gundi upande huu, kisha upande ule, akaivua na kuiweka juu ya begi. Pembeni mwa kichwa, juu ya masikio yote mawili, palikuwa pamebaki ngozi tupu inayong'aa. Utosini zilikuwepo chache, nyepesi, zenye mvi.

"Miaka miwili," alisema. "Hata mwanao hajui. Nilidhani ukiona utacheka. Nilijua kabisa utacheka."

Mama Mistari hakucheka. Alisogea karibu, akainama, akatazama kama alivyotazama vichwa siku zote. "Nani alikuwa anakusuka?"

Shangazi Jicho akamtaja msusi mmoja wa mtaa wa pili.

"Anavuta yule. Anavuta mpaka macho yanakaza. Na nywele za bandia alikuwa anakuwekea nzito?"

"Nzito. Nilikuwa nameza dawa ya maumivu ndipo nilale."

"Na ukaendelea kwenda, miaka yote?"

"Ningekwenda wapi?" Shangazi Jicho akamkazia macho. "Kwako?"

Hapo Mama Mistari akaketi, miguu ndani ya maji, mkabala naye. Alijua kwamba siku imefika. "Siku ile ya bibi harusi," akaanza, "nilikukosea. Sikuwahi kukuomba radhi. Nilijiambia wewe ni wa nyumbani, utanivumilia. Wale wangeondoka wakanitangaze vibaya. Wewe nilijua hutakwenda popote."

"Ndicho kilichoniuma," Shangazi Jicho akasema. "Haukuwa ule mtaa, wala watu. Mtaa niliupita nimenyoosha shingo. Niliumia kwamba wa nyumbani ndiye anayeambiwa apishe. Kwa kaka yangu nilipisha, kwa wadogo zangu nilipisha, shuleni nilipisha. Nikasema, basi hata kwa wifi yangu, ambaye kila wiki nilikuwa nasubiri siku ya kwenda kukaa kwenye kile kiti, tuongee?"

"Nilikuwa siongei. Kitana kilikuwa mdomoni."

"Nilikuwa naongea mimi. Wewe ulikuwa unasikiliza."

Mama Mistari akainamisha kichwa. "Nisamehe, wifi."

Mwenzake alichota maji kwa kiganja, akayaacha yamwagike. "Nilikusamehe zamani," alisema hatimaye. "Ila nilikuwa na kiburi cha kuja kukwambia. Nikakukomoa kwa kwenda kwa yule mwingine."

"Ukanikomoa mimi, ukajikomoa kichwa."

Waliangaliana. Aliyeanza kucheka ni Shangazi Jicho, kicheko cha tumboni kilichogonga kuta za vigae kikarudi, na Mama Mistari akashindwa kujizuia. Walicheka hadi Bi Filimbi akagonga mlango kuuliza kama wote ni wazima.

Walipotulia waliingia majini, kila mmoja kwenye sinki lake, hadi shingoni. Baada ya nusu saa Mama Mistari alitoka, akajaza beseni maji baridi yasiyo na chumvi, akayachanganya na ya moto, akamwambia wifi yake aegemeze kisogo.

"Daktari amekukataza kugusa kichwa cha mtu."

"Daktari huyo nimemsuka akiwa hana meno ya mbele. Tulia."

Akamwosha. Vidole vilikuwa vimelegea kwa lile joto, ingawa viwili vya kulia vilibaki vimepinda, kwa hiyo alitumia zaidi viganja, akizungusha taratibu kuanzia paji la uso hadi kisogoni. Alipofika pembeni penye ngozi tupu alipunguza mkono. Shangazi Jicho alifumba macho. Hakuna mtu aliyekuwa amemgusa kichwani kwa miaka miwili, hata yeye mwenyewe alikuwa akijiosha harakaharaka asijitazame kwenye kioo.

"Zitaota?" akauliza, macho bado amefumba.

"Hapa pembeni sikuahidi. Pamekaa muda mrefu. Huku utosini mizizi ipo hai, naisikia. Lakini ukate zote, ziwe fupi zote sawasawa, uache ngozi ipumue. Na lile dude lisirudi tena na gundi yake."

"Nitaonekanaje?"

"Utaonekana mwalimu mkuu."

Alhamisi walibaki kwenye chumba cha faragha. Ijumaa Shangazi Jicho alisimama juu ya ngazi, akavuta pumzi, akashuka moja kwa moja hadi bwawani, kofia ya mpira ya manjano imemkaa hadi kwenye nyusi. Humo ndani kulikuwa na wanawake tisa, wote na kofia zile zile, na hakuna aliyemwangalia mara mbili. Alizunguka bwawa lote akijitambulisha. Kabla ya filimbi ya kwanza alishamwelekeza mgeni mmoja namna sahihi ya kukunja goti, na alishamweleza Bi Filimbi ni vigae vingapi vimepasuka na viko upande gani.

"Thelathini na vitatu," Bi Filimbi alimwambia Mama Mistari baadaye. "Mimi nipo hapa miaka yote nilikuwa nasema vichache tu."

Jumapili mchana mwana wa Mama Mistari alikuja kuwachukua. Aliwatafuta chumbani, akawatafuta ukumbini, mwisho akawakuta barazani, kila mmoja amejilaza kwenye kiti chake cha mbao, wamelala fofofo na gazeti limeanguka katikati yao. Shangazi yake alikuwa kichwa wazi, nywele zimekatwa fupi kabisa kwa mkasi ulioazimwa kwa Bi Filimbi. Alimtazama kwa muda, haamini. Kisha akavuta kiti cha tatu, akakaa akiangalia bahari, akawaacha wamalize usingizi.

Mama Mistari hakurudi kusuka. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka tena kabisa, na hakutaka mtu mwingine amwokotee kitana. Saluni aliwaachia wale wanawake wawili, ila Jumanne asubuhi aliiweka kuwa yake. Siku hiyo pazia la mlangoni linashushwa, na wanakuja wale ambao nywele zimekatika pembeni, waliougua, waliovutwa kupita kiasi na wasusi wenye papara. Hawasukwi. Wanaoshwa kichwa kwa maji ya uvuguvugu, wanapakwa mafuta, wanaambiwa ukweli kuhusu kitakachoota na kisichoota. Wengi hufika wamejifunga vilemba viwili. Benchini huwakuta mwalimu mmoja mstaafu mwenye nywele fupi nyeupe, ambaye huwasogezea nafasi, huwauliza habari za kwao, na huwaambia wakae vizuri wasikunje mgongo.